Mtungi Uliopasuka Begani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kukereza na Kuchonga

Chombo chenyewe ni mtungi wa mapambo wenye kimo cha sentimita 24. Tumbo lake lina kipenyo cha sentimita 20, kitako sentimita 12, na mdomo ni mdogo, unapitisha vidole viwili tu. Ulikerezwa, yaani ulizungushwa kwenye mashine huku ukikatwa kwa chuma, kutoka gogo bichi; kiini cha mti kikaachwa katikati ya kitako, nyuzi zikisimama wima kutoka chini hadi mdomoni. Begani umezungushiwa mkanda wa majani kumi na mawili yaliyochongwa kwa kina. Kila jani limesimama wima, mshipa wake wa kati umechimbwa kwa patasi ya V, na ncha yake imepindishwa kuelekea pembeni.

Aliyeutengeneza ni mchongaji mwenye mkono mzuri, mdogo wangu katika kazi hii. Aliuleta ukiwa na ufa mmoja mrefu uliokuwa ukishuka kutoka begani hadi katikati ya tumbo, na ncha mbili za majani zimeng'oka. Swali lake lilikuwa moja: "Fundi, ufa huu utazibwa na gundi gani?" Alikwisha amua kuwa mti ndio mbovu.

Mti ulikuwa mzuri kabisa. Haukuwa na fundo, haukuwa na kuoza, wala haukuguswa na wadudu. Tulipomaliza kuuchunguza nilimwambia jambo ambalo ndilo linalonifanya niandike kisa hiki kwa kirefu: ufa ule ulichorwa kwa penseli kabla patasi haijagusa mti. Nakshi huamua unene wa ukuta, unene huamua jinsi mti unavyokauka, na mti unaokauka hauna subira na mchoro usioujali.

Kitako kwanza

Ufa wa begani ndio uliokuwa ukimuuma mwenye mtungi, maana ndio unaoonekana chombo kikiwa mezani. Mimi niliomba tuugeuze tutazame chini. Katika chombo kilichokerezwa na kiini chake ndani, habari nyingi ziko kitakoni.

Kiini kilionekana kama nukta ya kahawia, na kutoka kwenye nukta hiyo vijiufa vilitawanyika pande zote. Vingi vilikuwa vifupi kuliko ukucha. Kimoja kilikuwa kimekimbia hadi ukingoni mwa kitako na kupanda kidogo ubavuni. Mwenye mtungi alikuwa ameuona, akadhani ni alama ya asili ya mti.

Nilichukua sindano nyembamba nikaipitisha ndani ya ufa huo. Ilitoka na unga laini wa msasa ulioshikamana kwa mafuta. Kisha nikaipitisha kwenye ufa wa begani. Ilitoka safi, na chini ya kioo cha kukuzia kingo za ndani za ufa huo zilikuwa nyeupe, hakuna hata chembe ya mafuta iliyopenya. Hapo mpangilio wa matukio ulijiweka wazi bila mtu kuhitaji kukumbuka lolote. Ufa wa kitako ulikuwepo kabla ya kupiga msasa. Ufa wa begani ulikuja baada ya mafuta kukauka, wakati kazi ilikuwa imehesabiwa kuwa imekwisha.

Mtungi, basi, ulikuwa umeshaanza kusema tangu mapema. Ukigonga kwa kifundo cha kidole chombo kizima kilichokauka, kinalia wazi. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, kinatoa sauti butu, fupi. Huu ulikuwa butu kote, na hali hiyo hailetwi na ufa wa bega peke yake.

Kwa nini kitako hupasuka

Mti mbichi una maji ya aina mbili. Kuna maji yaliyojaa ndani ya mashimo ya seli, na kuna maji yaliyonyonywa na kuta za seli zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, mti unakuwa mwepesi lakini haubadili umbo. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, maji ya kwanza yamekwisha na kuta za seli zinaanza kutoa yale yaliyobaki. Kuanzia hapo mti unanywea.

Haunywei sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi unanywea kidogo sana, sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Kutoka kiini kwenda gome, miti mingi hunywea karibu asilimia 4 kuanzia ubichi hadi ukavu kamili. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mwaka, ni karibu asilimia 8. Tarakimu hubadilika kutoka mti hadi mti, lakini uwiano huo wa moja kwa mbili, au karibu yake, unajirudia katika miti mingi, na karibu kila ufa ninaoonyeshwa una asili yake hapo.

Tuutazame mtungi wetu kwa hesabu. Ukuta wa tumbo ni pete yenye uwazi katikati. Mzunguko wake ukitaka kupungua, unapungua tu: tumbo linakuwa jembamba kidogo, na unene wa ukuta unapungua kwa kiwango chake wenyewe. Hakuna ugomvi. Kitako lakini ni sahani iliyojaa. Kipenyo cha milimita 120 kina mzunguko wa milimita 377. Mzunguko huo unataka kupungua kwa asilimia 8, yaani milimita 30. Kipenyo chenyewe kinataka kupungua kwa asilimia 4 tu, na hiyo inaruhusu mzunguko upungue milimita 15. Milimita 15 nyingine hazina pa kwenda. Mti wa ndani ya nyumba haufiki ukavu kamili; katika hewa yenye unyevuanga wa asilimia 50 hivi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 9 au 10. Kwa hiyo chukua theluthi mbili ya hesabu hiyo, unabaki na upungufu wa kama milimita 10 kuzunguka kitako. Mti hunyumbuka na kumeza sehemu ya upungufu huo. Usipoweza kuumeza wote, unafunguka kutoka kiini kwenda nje. Ndiyo maana magogo hupasuka kwa mistari inayotoka katikati.

Mtungi huu ulikuwa na jambo la kuzidisha: kitako kilikuwa na unene wa milimita 30, na ukuta milimita 8. Mwenye mtungi aliacha kitako kinene ili chombo kisimame imara kikiwa na uzito chini. Nia nzuri, lakini chombo kimoja kikawa na sehemu inayokauka haraka na nyingine inayobaki mbichi muda mrefu baada ya ukuta kutulia. Ukuta ulipokuwa unajibana, kitako kilikuwa kimekataa kusogea.

Mapambano haya ndiyo yanayonifanya niwaheshimu wakerezaji wa kuta nyembamba. David Ellsworth wa Marekani, aliyejulikana tangu miaka ya 1970 kwa vyombo vya mdomo mdogo vilivyotobolewa ndani kwa vyuma vilivyopinda, alionyesha kwamba ukuta mwembamba wenye unene mmoja kutoka mdomo hadi kitako unaweza kukauka kutoka ubichi bila kupasuka. Watu husifu wembamba. Mimi naona ule usawa wa unene ndio kazi kubwa zaidi.

Ufa wa begani

Ufa kwa kawaida huwa mpana zaidi pale ulipoanzia. Huu ulikuwa mpana katikati ya jani moja, kiasi cha kuingiza ukingo wa karatasi ngumu, kisha ukapungua ukielekea juu na chini. Ukitazama kwa karibu, ulikuwa umefuata sakafu ya mfuo wa mshipa wa kati kwa unyoofu wa rula, ukatoka nje ya jani, ukaendelea tumboni kwa kufuata nyuzi.

Nyuzi za mtungi huu zimesimama wima. Mshipa wa jani nao umesimama wima. Mfuo wa V una sakafu kali isiyo na mviringo wowote. Ukiweka mfuo mkali sambamba na nyuzi, umeuandalia mti mahali pa kuanzia kupasuka, na mchongaji huyu alikuwa ameweka mahali kumi na mawili.

Niliuliza kwa nini jani lile, yale mengine kumi na moja yakanusurika. Jibu lilitoka kwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ukuta nyuma ya jani lile ulikuwa milimita 6. Upande wa pili wa bega ulikuwa karibu 9. Mfuo ulichimbwa milimita 4 kila mahali, kwa hiyo hapo zilibaki milimita 2 tu. Tofauti ya namna hiyo haitokei mashine ikizunguka vizuri, kwani chombo kinachozunguka hukatwa sawa pande zote. Hutokea mtu anapokereza umbo la nje leo na kutoboa ndani kesho. Usiku mmoja unatosha gogo bichi kujipinda kidogo, na kesho yake chuma cha ndani kinazunguka kwenye mhimili ambao umbo la nje limeshauacha. Nilipomuuliza, alikubali kwamba kazi ilikatishwa na giza, mtungi ukalala wazi kwenye mashine. Chombo bichi kikisubiri usiku kinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, na mapema iwezekanavyo kinamaliziwa.

Lililonishughulisha zaidi ni wakati. Kwa nini ufa uje baada ya mafuta, si wakati wa kuchonga? Majani yalikuwa yameinuliwa milimita 5, na sakafu kati ya jani na jani ilibaki na unene wa milimita 3. Sakafu ikakauka kwanza. Ilitaka kunywea, majani manene yaliyo bado na unyevu yakaizuia, ikakauka ikiwa imevutwa, na mti uliokauka ukiwa umevutwa hubaki hivyo. Baadaye zamu ikageuka. Majani yakaanza kunywea, na sasa ni sakafu iliyokwisha kutulia ndiyo iliyoyazuia. Mvutano ukahamia ndani ya jani, ukatafuta mahali pembamba, ukakuta sakafu ya mfuo wa V yenye milimita 2.

Mafuta nayo yalichangia. Yalipakwa nje tu, mdomo ukiwa mdogo, na kitako kibichi kikaendelea kutoa unyevu ndani ya mtungi. Nje kukavu, ndani kuna hewa nzito. Mwenye mtungi alikuwa ameuhifadhi kwenye mfuko wenye maranda mpaka ulipoonekana mkavu ukiguswa, na mkono hauna uwezo wa kupima hilo. Mzani ndio unaopima. Unapima chombo, unaandika uzito na tarehe chini ya kitako kwa penseli, unarudia kila wiki, na uzito ukigoma kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo ndipo unajua kwamba mti umefikia mapatano na hewa ya pale ulipo.

Ncha zilizong'oka

Hizi hazihitaji maneno mengi. Jani lilisimama kufuata nyuzi, lakini ncha ilipopindishwa pembeni ilikata nyuzi kwa upana. Kilichobaki kwenye ncha ni nyuzi fupi za milimita chache zilizoshikana kwa ubavu tu, na huko ndiko mti ulikojaa udhaifu. Zaidi ya hayo ncha zilichimbwa kwa chini ili zionekane zinaelea. Zingeng'oka hata kwenye mti mkavu kabisa.

Tiba

Lile swali la gundi bado lilikuwa linasubiri jibu. Ile supaglu nyepesi ingeingia begani vizuri, kwa kuwa kingo zilikuwa safi. Lakini mti ulikuwa bado unasogea. Kuziba ufa kwenye chombo kisichotulia ni kuuhamisha: utafunguka jirani, kwenye jani linalofuata. Kitakoni gundi isingeshika hata kwa siku moja, kwa sababu ya unga na mafuta yaliyokuwa ndani.

Aliuliza pia kuhusu kuloweka mti kwenye polietilini glikoli, ile dawa ya nta inayochukua nafasi ya maji ndani ya kuta za seli ili zisinywee. Ni dawa ya kweli. Meli ya Vasa ya Uswidi, iliyoinuliwa kutoka baharini mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa hiyo kwa miaka 17. Lakini huwekwa mti ukiwa bado umejaa maji. Mti uliokwisha kunywea na kupasuka haurudi. Na mti uliolowekwa hivyo hukataa mafuta na vanishi nyingi. Kwa mtungi wa nakshi sikuona faida.

Tulichofanya kwanza ni kupunguza kitako. Sikukubali urudishwe kwenye mashine. Chombo chenye ufa mrefu hakizungushwi kwa kasi, kwani kikiachia kinarusha vipande usoni mwa mtu, na hakuna urembo unaolipia jicho. Kitako kilichimbwa kwa mkono, kwa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, kikageuzwa kuwa bonde lenye ukingo wa kusimamia, hadi unene ukabaki karibu milimita 10. Mafuta ya nje yakapigwa msasa yakatoka. Kisha mtungi ukaingia kwenye mfuko wa karatasi bila maranda, ukapimwa kila wiki.

Uzito ulipotulia, ufa wa kitako ulikuwa umeongezeka upana kidogo, kama nilivyotarajia, na ule wa bega pia. Hapo ndipo kiini kilipotolewa kwa keekee na tundu likazibwa kwa kizibo cha mti huohuo uliokauka, nyuzi zikielekea upande mmoja na za mtungi. Mpangilio huo ni wa lazima. Ukiweka kizibo kikavu kwenye kitako kibichi, kitako kitanywea juu ya kizibo kisichonywea na kujipasua upya. Ufa uliobaki ulikwaruzwa ndani hadi ukaonyesha mti safi, ukapachikwa ukanda mwembamba wa mti na gundi ya mbao.

Bega lilitugawa. Mwenye mtungi alitaka ufa uzibwe usionekane. Angepata mstari mwembamba unaokuja na kupotea kadiri hewa inavyobadilika, na rangi ya gundi ingeuonyesha kila mafuta yanapopakwa. Kipande cha umbo la kipepeo cha kushika kingo mbili kisingewezekana kwenye ukuta wa milimita 2. Mimi nilipendekeza kinyume: ufa ufunguliwe, uwe uwazi wa umbo la punje ndefu ndani ya jani, na majani yote kumi na mawili yapewe uwazi kama huo mahali pa mshipa. Kila mfuo wa V uliokuwa ukitishia kupasuka unaondoka wote, na bega linabaki na mbavu zinazoweza kusogea kila moja kwa nafasi yake. Ncha za chini za kila uwazi zilikatwa kwa mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Sehemu ya ufa iliyobaki tumboni, sasa ikiwa imetulia, ndiyo iliyopata supaglu na unga wa mti.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Fundi, hapo utakuwa mtungi mwingine." Alisema kweli. Nilimwachia uamuzi, na baada ya kufikiri akachukua msumeno mwembamba mwenyewe. Ninaamini ulikuwa uamuzi sahihi, si kwa sababu tu umeokoa chombo. Mwanga sasa unapita begani, na majani yamepata wepesi ambao ule uchongaji wa kina ulikuwa ukiutafuta bila kuufikia. Binh Pho, mkerezaji aliyetengeneza vyombo vya kuta zilizotobolewa hadi kufikia wavu wa mti, aliutumia utupu kama sehemu ya mchoro, na nadhani wachongaji wetu wengi wanaogopa bure kukata ukuta upite upande wa pili.

Ncha mbili zilizong'oka hazikurudishwa. Zile kumi zilizobaki zilifupishwa, zikawa na mviringo.

Gogo linalofuata

Mchongaji huyo ameshaanza mtungi mwingine wa ukubwa uleule. Gogo limepasuliwa katikati, kiini kimetolewa chote, ncha zimepakwa nta, kwa sababu maji hutoka ncha za nyuzi kwa kasi mara nyingi kuliko ubavuni. Ameukereza umbo ghafi kwanza, ukuta ukiwa na unene wa milimita 20, yaani sehemu moja ya kumi ya kipenyo, kipimo cha kawaida cha wakerezaji kwa chombo kitakachorudishwa kwenye mashine kikishakauka. Kwa kuwa sasa kiini hakipo katikati, utakauka ukiwa yai kidogo, na unene huo unampa nafasi ya kuukereza tena uwe duara.

Tulibishana kuhusu kuchonga. Yeye anapenda mti mbichi, na kila mchongaji anajua sababu: patasi inapita bila nguvu, unga haupandi, mkono hauchoki. Mti mkavu ni kazi nzito, unadai patasi kunolewa kila mara. Mimi nimeshikilia kwamba nakshi inayozidi theluthi ya ukuta ichongwe mti umeshatulia. Kuchora juujuu kwenye ubichi, sawa, lakini kina kingoje. Tumekubaliana kwamba mtungi huu utachongwa ukiwa mkavu, na ule wa tatu atajaribu kwa njia yake, ukuta ukiwa mwembamba tangu mwanzo na nakshi isiyozidi milimita 1.

Mchoro mpya ameshauweka kwenye karatasi. Majani yameinama takriban digrii 40 kutoka wima, mishipa inakatiza nyuzi za mti badala ya kuzifuata, na mfuo utachimbwa kwa bobari ndogo yenye sakafu ya mviringo. Kando ya kila jani ameandika unene utakaobaki nyuma yake.